Namna ya kushika usafi wa avenyi yenu hapa Bukavu, na namna ya kudai komini ifanye upande wake

Mvua ikianza kunyesha usiku ku Kadutu, simama ku mlango usikilize. Utasikia milango ya majirani inafunguka moja moja, mtu anatoka na besani, anamwaga takataka mu kanivo, ule mfereji wa maji ya mvua, anarudi kulala. Nimekulia mu nyumba ambamo tulikuwa tunafanya vile vile, mama alikuwa anasema "acha, mvua itabeba". Na kweli inabeba. Inabeba mpaka mu mto Kawa, Kawa inapeleka mu ziwa Kivu, ziwa linatokea mu Ruzizi, na Ruzizi njo inazungusha mashini za baraji ya Ruzizi 1 yenye inatupatia umeme toka miaka ya 1950. Basashe na bachupa za plastiki zikijaa pale ku mdomo wa baraji, mashini zinasimamishwa watu wasafishe, umeme unakatika. Halafu yule mwenye alimwaga besani anakaa mu giza anaitukana SNEL, kampuni ya umeme.

Nimechoka kusikia watu wakibishana nani mwenye kosa. Wananchi wanasema ni serikali, serikali inasema ni wananchi wachafu, na kanivo inaendelea kujaa. Katiba yetu ya 2006, artikle 53, inasema kila mtu ana haki ya kuishi mu mazingira safi na ana kazi ya kuyalinda, na inasema Leta inasimamia ulinzi wa mazingira na afya ya watu. Ni wote wawili, mu artikle moja. Lakini artikle haikuambii kazi yako inaishia wapi na ya komini inaanzia wapi, na hapo njo kila kitu kinaharibikia. Kwa hiyo kitu cha maana kuliko vyote mu haya yote nitaandika hapa ni hiki: mchague mahali pa kukabidhi takataka. Ni pale gari ya kuzibeba inaweza kufika. Kutoka jikoni mpaka pale ni kazi yenu, kutoka pale kwenda mbele ni kazi ya komini na meri, biro ya mji. Unajua vile mji wetu uko, milima tupu, Nyamugo, Cimpunda, Panzi, kuna avenyi nzima ambayo ni ngazi na vijia tu, hata pikipiki inashindwa kupanda, sasa kungojea kamyo ije ku mlango wako ni kungojea bure. Lakini pia kubeba takataka yako mpaka mwisho wa mji na mabega yako haiko kazi yako.

Anzia jikoni. Kwa juma moja weka vitu viwili, besani ya maganda na gunia ya vikavu. Sisi tulifanya hivyo nyumba kumi pamoja, tukapata magunia matatu ya maganda ya ndizi, ya viazi, majani ya sombe na ya mahindi, kwa nusu gunia tu ya plastiki na vyuma. Maana yake kile tunaita takataka, kwa sehemu kubwa ni chakula cha mtu mwingine. Tafuta mwenye anafuga nguruwe ao simbilisi, hawakosekani mu avenyi, mpatane apitie kila jioni, atafurahi sana. Yenye inabaki changanya na jivu la makala, harufu inapungua na nzi wanapungua, ukiwa na kabustani weka pale. Ila tafadhali, kama nyumba yako iko ku mteremko, usichimbe shimo la takataka ku ukingo. Maji yanaingia mu lile shimo, udongo unalegea, na tunajua sisi wote namna udongo wa hapa unashuka na nyumba na watu usiku. Na plastiki usiichome mu parseli. Moshi wake unaingia mu kifua cha mtoto, na pale nyumba ni za mbao zenye zimebanana, cheche moja inatosha kumaliza avenyi.

Chupa za plastiki usizitupe hata kidogo, zioshe, uziweke pembeni. Wamama wa mafuta ya ngazi wanazitaka, wa kasiksi, ile pombe ya ndizi, wanazitaka, bakadafi wenye wanauza esanse ku barabara wanazitaka. Sashe njo mgonjwa wetu. Kuna dekre ya tarehe 30/12/2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia basashe mu inchi yote, na bado ukienda soko ya Kadutu ao Nyawera wanakufungia nyanya tatu mu sashe. Kukamata wenye kuingiza ni kazi ya serikali, wewe huwezi. Kile unaweza ni kuenda na kikapo chako na kusema "mama, weka humu tu". Mama anafurahi ju sashe anainunuaka.

Sasa kukusanyika. Usianze na mkutano mkubwa, anza na shefu wa nyumba kumi na wamama wawili watatu wenye wanasikilizwa, halafu mpeleke kwa shefu wa avenyi, ju ukimruka atakuharibia. Mkubaliane kitu kimoja tu: kila nyumba itoe pesa kidogo ya kulipa vijana wa kubeba magunia mpaka mahali pa kukabidhi, siku mbili kwa juma. Wajane na wazee wasilipe. Pesa iandikwe mu kaye, na kaye isomwe kwa sauti mbele ya watu kila mwisho wa mwezi, jina kwa jina, hata kama ni franga mia tano.

Na mfuate gunia. Hii naisema na uchungu. Mwaka mmoja tulilipa kikundi fulani miezi mitano, vijana wako na magile mazuri, wanapita asubuhi wanasalimia. Siku moja naenda kwa shangazi yangu chini ku Kawa, naona gunia imekwama ku mawe, imefungwa na kipande cha kitenge cha manjano chenye maua. Ile kitenge ni miye nilipasua, nikafunga gunia na mikono yangu siku ya kwanza. Walikuwa wanamwaga mu mto usiku, na sisi tunalipa kila mwezi. Tangu siku ile mtu mmoja wa avenyi anasindikiza magunia mpaka mwisho, kwa zamu, bila kumwambia mtu siku yake. Fanyeni hivyo kuanzia juma la kwanza, msingojee kuibiwa.

Watoto pia tuwaangalie. Unamtuma mtoto wa miaka saba na besani imemzidi kichwa, mteremko unateleza, giza linaingia, yeye atamwaga pale mikono yake imechoka, na pale ni kanivo. Haiko utundu. Mpe kigunia kidogo cha kumtosha, umtume mchana. Na jirani mwenye anamwaga usiku usimpigie kelele mbele ya watu. Enda kwake saa ya jioni, kaa, uliza habari za nyumba, halafu sema "yaya, tunaomba utuunge mkono, maji ya kanivo yanaingia kwa mama wa chini". Wengi wanaacha. Mwenye haachi, shefu wa avenyi njo ataongea naye.

Salongo, ile kazi ya usafi ya pamoja ya siku ya posho, tunaifanyaka vibaya, samahani kusema. Tunatoa matope na plastiki mu kanivo, tunaacha vilima pembeni, tunarudi nyumbani tumefurahi, na mvua ya siku ya pili inarudisha vyote mule mule. Kwanza patana na wa kubeba, halafu njo muchimbe. Anzieni chini, pale maji yanatokea, mpande mkienda juu, ju ukianza juu unasukumia wa chini uchafu wako na maji hayana pa kupita. Beleshi na jembe, hapana mikono, mule kuna vipande vya chupa na sindano. Mwishoni kila mtu anawe na sabuni mbele ya kushika chakula, kolera hapa kwetu haiko hadisi. Na kazi kubwa ya bakanivo muifanye mu kyangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, mbele mvua za mwezi wa tisa hazijaanza.

Upande wa serikali sasa. Sheria ya 2008 juu ya miji na komini inaweka usafi na masoko kati ya kazi zao, kwa hiyo ukienda ku biro ya Ibanda, Kadutu ao Bagira hauendi kuomba zawadi. Andika barua fupi, paji moja, kwa burugumesta, mkubwa wa komini, na mu barua uombe kitu kimoja tu: gari ipitie mahali petu pa kukabidhi siku fulani na saa fulani. Ukichanganya na maji na barabara na usalama, watakujibu "tumesikia" na basi. Eleza mahali pako wapi, nyumba ngapi, magunia ngapi kwa juma, na kile avenyi imeshafanya. Tia picha mbili. Saini za watu, na ya shefu wa kartie. Piga kopi, na usitoke mu biro bila muhuri na tarehe ku ile kopi, ju barua isiyo na muhuri inapoteaka kama haikuandikwa. Msiende mtu mmoja. Endeni watano, na kati yao awe mama wa soko mwenye analipaka taksi ya kila siku, aje na tiketi zake za mwezi mzima mu mfuko. Wakati atazipanga ku meza na kuuliza kwa heshima "papa, hizi zinatulipia ufagio gani?" mtaona maongezi yanabadilika.

Juma mbili zikipita bila jibu, rudini na kopi ile ile, ombeni kuandikwa tarehe mpya. Mkijibiwa ndiyo, pimeni: kila siku gari inakuja ao haikuja, andikeni mu kaye. Wakisema hawana mafuta, ulizeni ni siku gani watakuwa nayo, muandike.

Na ile siku gari haitakuja, ju itatokea tu, msirudishe magunia mu nyumba na msiyasukumie mu kanivo. Yafungeni vizuri, yapangeni juu ya mawe maji yasiyafikie, yafunikeni na bashi, mweke mawe ku pembe zote ine. Halafu wawili kati yenu wapande ku komini asubuhi ile ile na kaye mkononi.