Trela ya manuali au otomatiki? Soma kabla hujalipa ada ya CDL, leseni ya malori ya Marekani

Nimerudi Changamwe wiki mbili hizi kumuona mama, na kila nikikaa barazani vijana wa trela swali ni lile lile, kaka huko Marekani ni manuali au otomatiki, bas nimeona niandike mara moja na nyinyi mlioko huko tayari mpate.

Kwanza hili, manake wengi linawakuta wameshalipa ada. Ukifanya mtihani wa CDL kwa lori la otomatiki, leseni inaandikwa herufi E, yaani huruhusiwi kuendesha trela la manuali, hata kama huku kwetu umepiga Mombasa Malaba miaka kumi. Kuitoa hiyo E ni mpaka utahiniwe tena kwa manuali. Shule nyingi siku hizi zina otomatiki tupu, kwa hivyo uliza kabla hujatoa hata senti, manuali mnayo, na siku ya mtihani natumia hiyo hiyo? Uingereza ni tofauti kidogo, ukiwa tayari una leseni yao ya gari ndogo ya manuali, hata ukifanya mtihani wa lori kwa otomatiki unaruhusiwa zote mbili.

Sasa usidhani manuali ya Marekani ni hii uliyoizoea. Malori yetu mengi ni ya Ulaya, giaboksi ina sinkro, kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ziingie bila kugonga, unakanyaga klachi mara moja unaingiza. Zile Eaton Fuller zao za gia 10, 13 mpaka 18 hazina sinkro: ukipandisha gia, unakanyaga klachi unatoa gia, unaiachia, unangoja mzunguko wa injini ushuke, unakanyaga tena ndio unaingiza. Na usukani uko kushoto, gia mkono wa kulia. Siku yangu ya kwanza mkono wa kushoto ulikuwa unapapasa mlango, na klachi nimeikanyaga mpaka chini gari linatembea, mwalimu akanishika bega akanambia pole pole, inchi mbili tatu tu, ukifika chini kabisa unagusa breki ya klachi, na hiyo ni ya gari lililosimama, utaimaliza.

Kazini sasa uwezekano mkubwa utapewa otomatiki, na usione umeshushwa cheo. Ndani ni giaboksi ya manuali vilevile, klachi ipo, ila anayekanyaga ni kompyuta. Ndio maana kwenye foleni ya mlimani usilishikilie gari kwa mafuta, utaunguza klachi, kanyaga breki.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni miteremko. Huku kuna madereva wanaweka fri wakishuka ili wabane mafuta, na tumezika watu kwa tabia hiyo, tafadhali usipande nayo ndege. Trela huko linafika pauni 80,000, kama tani 36, na otomatiki ukiliacha kwenye D linaweza kupandisha gia lenyewe katikati ya mteremko, breki ya injini, yaani injini yenyewe kulizuia gari, ikapungua nguvu na wewe ndio kwanza unaihitaji. Kabla hujaanza kushuka punguza mwendo, weka M ya kuchagua gia mwenyewe, chagua gia ndogo, washa breki ya injini. Mwendo ukifika pale ulipojipangia, kanyaga breki kiasi cha kuhisi wazi gari linapungua, mpaka mwendo ushuke maili 5 kwa saa, kama kilomita 8, halafu achia kabisa. Usiishike kidogo kidogo njia nzima, inachemka na inakukimbia. Mazeras kushuka Miritini si kitu ukilinganisha na barabara kuu ya I-70 magharibi ya Denver, kule wamejenga njia za changarawe kabisa pembeni za kukamata malori yaliyopoteza breki, na ikikufika ingia humo, usiogope kuharibu gari.

Mdogo wangu anaondoka mwezi ujao. Jumapili asubuhi nampeleka yadi moja Miritini kuna lori la zamani lisilo na sinkro, atashinda hapo mpaka mguu uzoee klachi mara mbili, huo mkono wa kulia atauzoeza akifika.