Namna ya Kuanzisha Kikundi cha Utetezi Shirikishi Mtaani

Nchini Marekani, zaidi ya asilimia 90 ya hukumu za jinai hupatikana bila kesi kusikilizwa. Mshtakiwa hukiri kosa baada ya wakili wake kukubaliana na mwendesha mashtaka, na mara nyingi mazungumzo yenyewe ni ya dakika chache tu. Anayetaka watu wachache zaidi wapelekwe gerezani hana budi kuziwahi dakika hizo, na wenye uwezo wa kuziwahi ni ndugu na majirani wa mshtakiwa, mradi wawe wamejipanga. Utaratibu huu wa kujipanga ndio utetezi shirikishi. Ulianzishwa San Jose, California, na shirika la Silicon Valley De-Bug linaloongozwa na Raj Jayadev, na leo unatumika katika miji mingi ya nchi hiyo.

Sababu ya kuuhitaji haijifichi. Tangu mwaka 1963, kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu katika shauri la Gideon dhidi ya Wainwright, mshtakiwa wa kosa kubwa asiye na fedha hupewa wakili kwa gharama ya serikali. Mwaka 1973 tume ya kitaifa ilipendekeza kwamba wakili wa aina hiyo asibebe zaidi ya kesi 150 za makosa makubwa kwa mwaka, na hata kiwango hicho, ambacho ni kikubwa mno, hupitwa katika maeneo mengi. Mzigo huo huwaelemea zaidi Wamarekani weusi, ambao ni takribani asilimia 13 ya wananchi wote lakini ni karibu theluthi ya wafungwa wa magereza ya majimbo na ya shirikisho.

Anzeni na mkutano mmoja kila wiki, siku ileile na mahali palepale, pawe kanisani, maktabani au katika ukumbi wa mtaa, kwa sababu mama ambaye mwanawe amekamatwa usiku wa kuamkia Jumanne hana muda wa kutafuta ratiba. Andikeni ubaoni jina la kila mshtakiwa, tarehe yake ijayo ya mahakama na jina la wakili wake, kisha jadilini jina moja baada ya jingine, na kila familia iondoke ikiwa na kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao. Msipoteze mwezi mzima mkitafuta jina na nembo ya kikundi; ubao na kalamu vinatosha. Huko San Jose, mtu anaporudi nyumbani huja mkutanoni kulifuta jina lake mwenyewe, na kikundi huhesabu miaka iliyookolewa, yaani tofauti kati ya kifungo ambacho mtu angeweza kupewa na kile alichopewa hatimaye.

Iko kanuni moja ambayo lazima isemwe mwanzoni mwa kila mkutano, hata kama wenyeji wameichoka: hakuna anayesimulia tukio lenyewe. Mazungumzo ya mshtakiwa na wakili wake yana kinga ya kisheria, lakini mazungumzo yenu hayana, na yeyote aliyeyasikia anaweza kuitwa kutoa ushahidi. Simu zinazopigwa kutoka mahabusu hurekodiwa, na waendesha mashtaka huzisikiliza. Ndugu anapopiga, mwulizeni afya yake na mahitaji yake, na akianza kueleza yaliyotokea, mkatizeni bila haya. Vilevile, wanakikundi si mawakili na hawatoi ushauri wa kisheria. Kazi yao ni kuisaidia familia kumwuliza wakili maswali yanayofaa: ameomba ushahidi gani kutoka upande wa mashtaka, amempeleka mpelelezi eneo la tukio, na mteja wake amepewa masharti gani ya makubaliano?

Kazi inayozaa matunda zaidi, kwa maoni yangu, ni kuandaa kabrasha la maisha ya mshtakiwa. Hili ni kusanyo la picha, vyeti na barua linalomwonyesha jaji mtu ambaye hati ya mashtaka imemfupisha kuwa kosa na namba ya faili. Picha ziwe chache, kila moja na maelezo ya mstari mmoja. Barua inayosema kwamba fulani ni mtu mwema haisaidii, kwa kuwa jaji husoma barua za namna hiyo kila siku. Inayosaidia ni ya jirani anayeeleza kwamba kila Jumamosi alfajiri kijana huyo humpeleka bibi yake hospitali kusafishwa damu, na kwamba tangu akamatwe bibi huyo amekosa wa kumpeleka. Barua isizungumzie kosa, isidai kwamba hakulitenda, na ipelekwe kwa wakili, kamwe si kwa jaji moja kwa moja, kwa kuwa wakili ndiye anayejua lini na kwa nani iwasilishwe.

Kabrasha hilo hufungua pia mlango wa njia mbadala za kifungo. Wakili anayeomba mteja wake apelekwe kwenye matibabu ya uraibu au ya afya ya akili husikilizwa zaidi iwapo familia imeshaupata mpango wenye nafasi, imepata barua ya kukubaliwa na imeeleza nani atampeleka huko. Ndivyo ilivyo kwa dhamana. Katika kesi ya Humphrey, ambamo mtu aliyetuhumiwa kuiba dola 7 na chupa ya manukato aliwekewa dhamana iliyofikia dola 600,000, Mahakama ya Juu ya California iliamua mwaka 2021 kwamba mtu asizuiliwe kwa sababu tu hana fedha. Watu kumi waliokaa kimya nyuma ya wakili humpa uzito anapoeleza kwamba mteja wake ana pa kulala na wa kumleta mahakamani.

Baada ya miezi kadhaa, someni ubao wote kwa pamoja. Mkiona barabara ileile, askari yuleyule au shtaka lilelile likiwaangukia vijana weusi peke yao, hapo mmeshapata hoja ya kupeleka kwenye halmashauri. California ina Sheria ya Haki ya Rangi iliyoanza kutumika Januari 2021, inayomruhusu mshtakiwa kupinga shtaka au adhabu iliyoathiriwa na ubaguzi, na daftari la waliokaa mahakamani wakiandika maneno ya askari, jaji au mwendesha mashtaka, pamoja na tarehe, linaweza kumsaidia wakili kuiomba mahakama iitumie.

Hukumu ikiwa mbaya, jina halifutwi. Wiki hiyohiyo familia imwulize wakili kwa maandishi kama taarifa ya rufaa imewasilishwa, kwa kuwa kwa makosa makubwa mahakama za California hutoa siku 60, ilhali zile za shirikisho hutoa siku 14 tu.