Ng'ombe kagoma kula ghafla? Kabla ya dawa ya minyoo, fikiria waya

Ng'ombe jana kala vizuri. Leo asubuhi hataki hata pumba, maziwa yamepungua nusu, hacheui. Wafugaji wengi hapa Dodoma wakikuta hali hiyo hukimbilia dawa ya minyoo au maji ya magadi. Subiri kwanza, mwangalie anavyosimama. Akiwa amekunja mgongo, viwiko vya mbele kavitanua mbali na mbavu, na ukimswaga kushuka korongoni anasita, huenda kameza msumari au kipande cha waya.

Tofauti na mbuzi, ng'ombe hachagui chakula. Huzoa kwa ulimi, humeza, kutafuna vizuri ni baadaye akicheua. Chuma hutua kwenye tumbo la pili, lile dogo lenye vijumba kama masega ya nyuki, na tumbo hilo likijikaza, ncha inatoboa. Bakteria wanavuja hadi kwenye utando unaofunika tumbo kwa ndani, utando unavimba na kuuma, na baadaye viungo vya ndani vinagandana. Mbele ya tumbo hilo kuna kiwambo, yaani msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na upande wa pili wa kiwambo ni moyo. Chuma kikifika huko, mishipa ya shingo inatuna na kidari kinajaa maji, na mara nyingi mnyama huyo haponi. Wenye mimba kubwa wako hatarini zaidi, maana ndama husukuma matumbo kwenda mbele.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Simama ubavuni, shika ngozi ya mgongo nyuma ya nundu kwa mikono miwili, ibane kwa nguvu. Mzima atabonyea mgongo. Mwenye maumivu ataukaza, na mwenzako akitega sikio karibu na koo atamsikia akiguna. Rudia mara kadhaa, wapo wanaoguna kwa hasira tu. Homa huwa si kali sana. Ukikuta joto la juu pamoja na matezi yaliyovimba, fikiria zaidi ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Fahamu pia kwamba maumivu yanaweza kufifia baada ya siku chache, ukadhani kapona wakati waya bado imo.

Mwite daktari wa mifugo mapema. Kwa kawaida atamchoma antibiotiki kwa siku kadhaa na kummezesha sumaku inayokaa tumboni kushika chuma. Wewe mfunge asitembee, miguu ya mbele ikae juu ya udongo ulioinuliwa kama sentimita 20, ili chuma kipate nafasi ya kurudi nyuma. Asipopata nafuu, daktari anaweza kushauri upasuaji. Maziwa ya siku za sindano usiyauze wala kuwapa watoto mpaka muda aliokutajia uishe. Na tafadhali usimpeleke mnadani Msalato kumsukumia mwenzako hasara.

Kinga ndiyo yenye faida, na hapa kwetu ina sababu ya pekee. Tangu serikali ihamie Dodoma ujenzi haukomi, na waya laini za kufungia nondo zimetapakaa mitaani na viwanjani. Kiangazi nyasi zikiisha, ng'ombe huzurura humo humo. Usiwaachie kulisha eneo la ujenzi wala jalalani. Funga sumaku kubwa, hata ile ya spika mbovu, kwenye fimbo. Ipitishe zizini na kwenye pumba na mashudu kabla ya kumwaga horini. Kwa ng'ombe wa maziwa wa bei kubwa, mwombe daktari amtangulizie sumaku ya tumboni akiwa mtamba. Haishiki shaba wala alumini, kwa hiyo usiache kufagia.

Mahali ninapopahofia zaidi ni mashine ya kukatia mabua. Waya ndefu ya robota (mzigo wa nyasi au mabua uliofungwa) au ya seng'enge unaiona na kuitoa kwa mkono, lakini ikipita mashineni inatoka vipande vifupi vyenye ncha, ukubwa hasa wa kumezwa. Fungua kila robota, hesabu waya ulizotoa, ndipo uwashe mashine.