Picha za karatasi zilizokatwa kwa mtindo wa Matisse

Henri Matisse, mchoraji wa Ufaransa, alifanyiwa upasuaji mkubwa mwaka 1941, na tangu hapo kusimama mbele ya turubai kukawa kazi nzito. Akageukia mkasi. Wasaidizi walimpakia karatasi rangi, yeye akakata maumbo, kisha yakashikizwa ukutani kwa pini na kuhamishwa hadi yakae sawa. Konokono, picha ya 1953 yenye upana wa karibu mita tatu, ilitengenezwa hivyo.

1. Paka rangi mwenyewe. Karatasi za dukani zenye rangi tayari hazifai: hazina michirizi ya brashi, na michirizi hiyo ndiyo inayoipa picha uhai. Tumia karatasi nyeupe ya gramu 120 hadi 160 kwa mita ya mraba na guashi, yaani rangi ya maji nzito isiyong'aa, iliyolainishwa hadi iwe kama maziwa ya mgando. Ikiwa nzito mno, itapasuka na kubanduka unapokata. Rangi nne au tano zatosha, pamoja na nyeusi. Zikikauka, zilaze chini ya vitabu usiku kucha.

2. Kata bila kuchora kwa penseli. Mstari wa penseli huufanya mkono uwe mwoga. Chukua mkasi mrefu, uache wazi kidogo, na uzungushe karatasi badala ya mkasi. Usifunge ncha kabisa katikati ya mkato. Kila ukifunga, ukingo unapata pembe. Mabaki yatunze, kwani tundu lililobaki mara nyingi ni zuri kuliko umbo lenyewe.

3. Panga maumbo kwa pini juu ya karatasi ya msingi, yaani ile itakayobeba picha, uache siku nzima.

4. Gundi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo usiharakishe.

Piga picha ya mpangilio kwa simu, kisha weka vidoto hafifu vya penseli kwenye pembe za kila umbo. Ondoa yote, ubandike moja moja ukianza na yaliyo chini.

Karatasi ikilowa, nyuzi zake huvimba. Ikikauka, hujikunja na kuvuta karatasi ya msingi. Ndiyo maana msingi uwe wa gramu 300, na gundi iwe kidogo. Gundi nyeupe ya PVA ipakwe nyembamba kwa brashi bapa, kutoka katikati kwenda nje hadi ukingoni kabisa, umbo likiwa juu ya karatasi chakavu. Badilisha karatasi hiyo kila umbo, la sivyo gundi itapanda upande wa rangi na kuacha doa linalong'aa. Usijaribu kulifuta kwa kitambaa chenye maji: guashi huyeyuka hata ikiwa imekauka, utabaki na baka.

Umbo kubwa kuliko kiganja lisubiri kama dakika moja baada ya kupakwa, nyuzi zimalize kuvimba, ndipo ulilaze kuanzia katikati. Weka karatasi safi juu, bonyeza kwa kiganja, usisugue. Vipande vidogo vinafaa gundi ya kijiti. Kisha funika kwa karatasi safi, weka ubao na vitabu hadi kesho yake.

Msingi ukijikunja hata hivyo, bandika karatasi tupu ya uzito sawa na maumbo mgongoni mwake, kwa gundi ileile, uirudishe chini ya ubao. Matundu ya pini yaache. Hata kwenye kazi za Matisse yanaonekana.