Mawese kwa samaki wazazi: lini yaongezwe na lini yaachwe

Wafugaji wengi wa sato mkoani Kigoma wamezoea kuchanganya mawese kwenye chakula cha samaki, kwa kuwa michikichi iko karibu na nyumba na samaki huuchangamkia mchanganyiko wenye rangi na harufu ile. Kwa samaki wa kuuzwa mezani, makosa ya kipimo huonekana haraka kwenye faida. Kwa samaki wazazi huchelewa kuonekana, maana jike huendelea kunenepa na kung'aa huku vifaranga wakipungua bwawani.

Ukimpasua jike aliyelishwa mafuta kupita kiasi, utakuta shahamu nyeupe imeuzunguka utumbo kama uzi uliosokotwa, ini limepauka na kuelekea unjano badala ya wekundu wa kahawia, na mfuko wa mayai ni mwembamba. Tumbo lake ni kubwa, lakini kilicholijaza ni akiba isiyotumika. Ini ndilo linalotengeneza malighafi ya kiini cha yai, ambayo husafirishwa kwa damu hadi kwenye mfuko wa mayai, kwa hiyo ini lililolemewa na mafuta huifanya kazi hiyo kwa shida.

Hata hivyo, kuyaondoa mafuta kabisa ni kosa la pili. Jike wa sato huatamia mayai na vifaranga mdomoni kwa muda wa siku 10 hadi 14, na katika siku hizo karibu hali kitu, hivyo huishi kwa akiba ya mwili wake. Kifaranga naye, kabla hajaanza kula, hutegemea mafuta yaliyomo kwenye kiini. Tena samaki hawezi kujitengenezea mwenyewe asidi za mafuta za omega-3 na omega-6. Lazima azipate kwenye chakula, na sato huhitaji hasa zile za omega-6.

Hapo ndipo mawese yanapopata nafasi yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutoka Malaysia ulionyesha kuwa majike wa sato waliolishwa chakula chenye mawese ghafi walizaa vizuri kuliko waliolishwa mafuta ya samaki au ya kitani. Mawese mekundu yana omega-6 ya kiasi, pamoja na vitamini E inayoyakinga mafuta ya yai yasiharibike. Sifa hizo zisihamishiwe kwenye mafuta ya mise, ambayo hutoka kwenye kokwa, yana omega-6 kidogo sana na hayana ule wekundu. Mise ibaki kwenye sabuni.

Kabla ya kumimina chochote, angalia kwanza chakula chako kimetengenezwa kwa nini, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea. Pumba za mpunga zisizokamuliwa hubeba mafuta ya asilimia 12 hadi 18, dagaa nao wana mafuta yao, na mashudu ya alizeti yaliyokamuliwa kwa mashine ndogo hubaki na mafuta mengi. Mchanganyiko wa vitu hivyo vitatu hauhitaji hata kijiko cha mawese. Lakini ukitumia unga wa muhogo na soya iliyokamuliwa vizuri, chakula huwa kikavu, na gramu 300 hadi 400 za mawese kwa kila kilo 10 zitafaa. Lengo ni mafuta yote ya chakula yawe kati ya asilimia 5 na 10.

Ubora una uzito sawa na kipimo. Mafuta yaliyochacha huimaliza vitamini E mwilini mwa jike, na mayai yake huanguliwa kwa uchache. Pumba za mpunga huanza kuchacha mara tu baada ya kukobolewa, hivyo nunua za kutosha wiki moja au mbili, uzinuse kabla ya kuchanganya. Dagaa waliolowa mvua wakati wa kuanikwa, wakageuka rangi na kuwasha pua, wasiingie kwenye chakula cha wazazi hata kama bei yao ni nusu. Mawese yaliyokwisha kukaangia maandazi au samaki mara kadhaa nayo yaachwe.

Kiasi cha kulisha nacho kipimwe kwa mizani, kwa maana chakula kizuri kikizidi hunenepesha vilevile. Wazazi hulishwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito wao kwa siku. Ukiwa na madume 7 na majike 21 wenye gramu 200 kila mmoja, uzito wote ni kilo 5.6, kwa hiyo gramu 112 kwa siku ndicho kikomo, na ni vyema kuzigawa asubuhi na jioni.

Tumbo kubwa peke yake lisikudanganye unapochagua majike. Aliyejaa mayai tumbo lake hubonyea kwa ulaini, na tundu la uzazi huvimba na kuwa jekundu kidogo. Aliyejaa shahamu tumbo huwa gumu zaidi na tundu hubaki limepauka. Ukipata watatu au wanne wa namna hiyo ya pili, mpasue mmoja, utazame ini na utumbo wake, kisha punguza chakula cha waliobaki na uache kuongeza mawese kwa wiki kadhaa kabla ya kuwarudisha kwenye bwawa la madume.