Kabla ya kuuza ganuni iliyotumika

Usiipige vanishi ala hii ya nyuzi. Itang'aa pichani, sawa, lakini mpigaji wa taarabu akija kuitazama hana habari na mng'aro. Atainamia daraja, ule ubao mwembamba unaobeba nyuzi, aiangalie ngozi iliyo chini yake. Nyuzi zote, zaidi ya 70, zinaikandamiza ngozi hiyo, na unyevu wetu wa masika huilegeza. Ikiwa imebonyea au imeanza kupasuka, sema mapema na upunguze bei. Usiibadilishe mwenyewe, kila mpigaji ana fundi wake anayemwamini.

Vile vibati vidogo vya upande wa kushoto, vya kupandishia na kushushia sauti, vijaribu kimoja kimoja. Kilicholegea kinaweza kuanguka katikati ya wimbo, aibu ukumbi mzima. Na tafadhali, usivitie mafuta ya nazi! Yanashika vumbi, kisha vibati vinanata.

Ufunguo wa kukazia nyuzi uende pamoja na ganuni, la sivyo mnunuzi atakukatia bei, na ana haki. Ikiwa inavuka kwenda Pemba, legeza nyuzi kidogo kidogo, pande zote sawa, na mchukuzi asiiwekee gunia la mchele juu.