Kusoma Biblia kihistoria: anzia Marko 16
Usianze na vitabu vya maprofesa, vitakuchosha bure. Mi nilianza na Biblia mbili tu, ya Kiswahili na ile ya Luganda ya jaja (ndo babu ama bibi kwa Luganda), na daftari la shule, hapa hapa Jinja, Uganda. Fungua Marko 16 soma mpaka aya ya 8, wanawake wanakimbia kutoka kaburini, hawamwambii mtu neno maana wanaogopa, alafu simama hapo, coz hati mbili za Biblia za Kigiriki zilizoandikwa kwa mkono karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, zinaishia hapo, aya 9 hadi 20 hazimo, ndo maana matoleo mengi mapya yanaweka mabano ama maelezo chini ya ukurasa, na hayo maandishi madogo ndo dhahabu yenyewe bana, usiyaruke.

Sasa jiulize: kipi rahisi, mnakili (yule aliyekuwa anaandika nakala kwa mkono) kuongeza mwisho ama kuufuta? Mi naona kuongeza, hadithi imekatika vibaya.

Ukimaliza nenda Mwanzo 1 na 2, andika mpangilio kwa daftari. Sura ya 1 wanyama kwanza alafu mtu, ya 2 mtu kwanza. Usikimbilie kuzioanisha, ziache zikae.

Na ukienda felowshipu usianzishe mjadala kabla ya chai, mi nilishakosa mandazi.